Cheki Kumi na Mbili za Mdogo Wangu

Nizwa mwenye nyumba hakupi ufunguo mpaka umpe cheki kumi na mbili. Si Nizwa tu, Ibra ndivyo, Sur ndivyo, na Maskati nasikia ni vibaya zaidi. Unakaa mbele yake unaandika kodi ya mwaka mzima kwa tarehe ambazo hazijafika: mosi ya mwezi huu, mosi ya mwezi ujao, mpaka mosi ya mwezi ambao hujui kama utakuwa hai. Unazisaini zote, anazitia kwenye bahasha, anaifungia kabatini. Kila tarehe ikifika anachomoa moja anaipeleka benki. Pesa zikiwemo kwenye hesabu yako, hakuna neno. Zisipokuwemo, cheki inarudi, na cheki ikirudi hapo si mambo ya kodi tena, ni mambo ya polisi. Na anayeitwa polisi ni aliyesaini, si anayelala ndani ya nyumba.

Nayaeleza haya polepole kwa sababu watu wetu wengi tuliotoka Afrika hatukuyajua. Na waliokuwa wakiyajua, wengine walijifanya hawayajui. Mama yangu alikuwa katika kundi hilo la pili, lakini mie nilikuja kutambua nimeshaungua.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, skuli ya wasichana, Ibra. Tulikuja Oman kutoka Tabora, mie nimeshamaliza kidato cha nne, mdogo wangu wa kiume yuko darasa la pili. Kiarabu changu kilikuwa cha kuchekesha watu, lakini Kiingereza nilikuwa nacho, na nchi ilikuwa inakitaka. Kiingereza hicho ndicho kilichotulisha. Baba alipofariki, mie ndiye niliyemlipia mdogo wangu masomo, nikamnunulia na dishidasha, kanzu za kazini. Simsimangi. Nasema tu ilivyokuwa. Niliolewa mara moja, nikaachika, mtoto sikujaaliwa. Basi, hilo nalo limeisha.

Kitu nilichokuwa nakitaka duniani kilikuwa kimoja: nyumba yangu. Baba alituachia kipande cha ardhi Samad, kwao alikozaliwa, na fungu langu nililipata kwa jina langu, kwa hati. Si kubwa. Kuna mitende sita, mmoja wao hauzai. Nilikwenda kwa mchoraji ramani, akanichorea vyumba viwili, ukumbi na jiko lenye mlango wa kutokea upande wa mitende. Nilikuwa nimechoka kuishi nyumba za watu. Chumba nilichopanga Ibra, mwenyewe alikuwa akiingia kukagua mabomba mie nikiwa darasani. Nikirudi nakuta kitasa cha choo kimegeuzwa, najua kapita. Kila nikienda Nizwa kumtazama mama nilikuwa nazunguka kupitia Samad, nashuka garini, nasimama kwenye ule mchanga kama mwendawazimu. Napima kwa hatua: hapa jiko, hapa kitanda changu. Benki yangu ya Ibra ilikuwa imeshaniambia: ustadha, weka akiba miaka miwili, kisha njoo, mkopo wa kujenga utapata. Nikaanza kuweka.

Sasa siku moja, miaka ya tisini inakaribia kwisha, mama akanipigia simu. Mdogo wangu alikuwa ameoa, amepata kazi kwenye kampuni moja Nizwa, ana mtoto mmoja na mkewe mjamzito tena. "Mdogo wako kapata nyumba," akasema mama. "Nzuri, ina uwanja. Na mie ntakaa hapo hapo, chumba changu kiko chini, sipandi ngazi. Lakini mwenye nyumba anataka cheki, na mdogo wako kitabu cha cheki hana. Kazi yake mpya, benki haijampa."

Nikasema, "Akipewa si atakwenda kupanga?"

"Nyumba itakungoja? Wewe unacho kitabu. Si unasaini tu, kisha yeye kila mwezi anakutilia pesa zako. Karatasi tu hizo, mwanangu."

Karatasi tu! Neno hili nililisikia mpaka likanitoka puani. Lakini nyumba ilikuwa ya mama pia. Ningesema nini? Wiki hiyo hiyo, Alkhamisi, siku ya mapumziko, nikaenda Nizwa, nikakaa kwenye zulia la watu, nikaandika cheki kumi na mbili. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa makamo anayefanya kazi Maskati, anakuja mwisho wa wiki. Mama yake alikuwa akiishi nyumba ya pili yake, ukuta kwa ukuta. Yule bibi alikuwa kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, na alipomsikia mama anazungumza alikuja mbio na birika la kahawa mkononi, tangu siku hiyo wakawa hawaachani. Hilo lilinifurahisha. Sikujua kuwa ndilo litakalonitia motoni.

Mwaka wa kwanza ulipita, alhamdulillahi, lakini ulipita mie ndiye nikiusukuma. Kila tarehe ishirini na tano nampigia mdogo wangu. "Dada, umeanza," ananiambia. "Nimeanza nini? Mosi inakuja." "Ntakutilia, dada, mie mtoto?" Anatia tarehe ishirini na tisa, thelathini, mara moja alitia siku yenyewe asubuhi, na mie nimesimama benki kama nimekuja kuomba. Yeye alikuwa akilala usingizi wake. Mimi ndiye ninayeamka na tarehe kichwani. Mwaka ulipokwisha mama akasema, "Si umeona? Hakuna kilichotokea." Nikaandika nyingine kumi na mbili. Naam, niliandika, kwa mkono wangu huu, wala sikufungwa kamba na mtu.

Mwaka wa pili ukaingia Ramadhani.

Niko darasani, nafundisha watoto wenye saumu wanasinzia, mwalimu mkuu akaja mwenyewe mlangoni. Hakumtuma mtu. Akanitoa nje, akaniambia kwa sauti ya chini kuwa polisi wa Nizwa wamepiga simu skuli, wananitaka kwa habari ya cheki. Alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo naikumbuka. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananihesabu upya.

Niliendesha gari kwa muda wa karibu saa mbili kwenye jua, kinywa kikavu. Kituoni waliniheshimu, siwezi kusema uongo. Afisa alinipa kiti, akaniita ustadha. Akaniwekea cheki mezani. "Saini hii yako?" Yangu. "Mwenye nyumba amekwenda benki, rasidi, pesa zilizomo kwenye hesabu, haitoshi. Kashitaki." Nikamwambia hii kodi si yangu, ya ndugu yangu. Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Jina lake liko wapi hapa?" Nikatazama. Halikuwapo mahali.

Akanieleza. Nikilipa leo, na mwenye nyumba akikubali kusamehe, jambo linakwisha. La sivyo faili linakwenda mbele, na huko mbele kuna jela. Alilitamka neno hilo polepole, kwa adabu, kama daktari. Nilikwenda benki nikatoa akiba yangu, akiba ya Samad niliyoiweka kwenye hesabu ya pembeni, nikalipa taslimu. Mwenye nyumba, aliyekuwa kaja kutoka Maskati na hasira zake, akaandika kuwa amesamehe. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Dada, mie cheki ikirudi nakwenda polisi siku ile ile. Nikingoja, ndio nimekula hasara." Nikamwona ana haki, na nikamchukia kwa hilo.

Kutoka hapo nikaenda nyumbani kwa mdogo wangu. Nilikuwa nimejiandaa kupasua mtu. Nikamkuta mama ukumbini na yule bibi jirani, wanachambua mchele wa futari. Na ukumbini, madirishani, mapazia mapya. Ya kijani, yenye vishada vya dhahabu, yanaburura chini.

"Pesa za kodi ziko wapi?" nikauliza. Sikuamkia, sikuvua hata viatu vizuri.

Mama akasema, "Kodi gani? Kodi ya mwezi huu tumeshaimaliza."

"Mmeimaliza na nani?"

"Na huyu hapa." Akamwonyesha yule bibi kwa kidole chenye unga wa mchele. Na bibi naye akaitikia, "Eee, tumeshamaliza, mwanangu. Nimemwambia mama yako, mwezi huu wa Ramadhani pumzikeni, wanunulieni watoto nguo za Sikukuu, kodi mtalipa baada ya Idi. Nyumba hii si kajenga mume wangu?"

Jamani! Hebu sikilizeni vizuri. Wazee wawili wamekaa usiku, wamekunywa kahawa, mmoja kaomba, mwenzake kakubali, wamesomeana na fatiha juu yake. Kwao wao neno limekwisha. Kwa zamani zao lilikuwa limekwisha kweli: bibi mwenye nyumba akishasema pumzikeni, hakuna mwanamume wa kulirudisha neno lake. Basi hawakuona haja ya kumwambia mtu. Mama kamwambia mdogo wangu, hizo pesa nipe mie, mambo yameshazungumzwa, na mdogo wangu kazitoa bila kuuliza, na mie nilipompigia tarehe ishirini na tano kaniambia tu mambo sawa. Bibi kanyamaza, mwanawe yuko Maskati. Na cheki imelala kwenye bahasha yake kabatini, tarehe imefika, imekwenda zake benki. Cheki haikunywa ile kahawa.

Yule bibi aliposikia mwanawe kaenda polisi alisimama, mchele ukamwagika. "Kanishitakia mgeni wangu? Mie nimetoa neno, yeye kenda polisi?" Akatoka na kanga moja kwenda kumtafuta mwanawe barabarani, na saumu yake. Tulimsikia kutoka kwetu anavyomtukana. Mama akaanza kucheka. Wallahi, na mie nikacheka. Nilicheka huku machozi yananitoka, maana ukiwaona wazee wale wawili huwezi kuwakasirikia, wamefanya wema kwa njia yao. Nikafuturu nao. Nikarudi Ibra nimesamehe, isipokuwa yale mapazia.

Miezi minne baadaye ile miaka miwili ilitimia. Pengo la akiba nilikuwa nimeliziba, najinyima. Nikabeba ramani yangu, hati yangu ya Samad na barua ya mshahara, nikaenda benki kuomba mkopo. Aliyekuwa akishughulikia mikopo alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfundisha miaka mitatu, msichana hodari, mwandiko wake mzuri. Alisimama kunibusu kichwa. Akakaa, akafungua kompyuta, akaandika jina langu, kisha akaisogelea skrini.

"Abla," akaniambia, kama wanavyotuita walimu wa kike, "kuna cheki ilirudi."

"Ililipwa siku ile ile. Nina karatasi."

"Najua. Inaonyesha imelipwa. Lakini jina limeshaingia kwenye orodha ya waliorudishiwa cheki." Alikuwa anaona haya, anaviringisha kalamu. "Sasa hivi hawatakubali. Njoo baada ya muda, abla. Wallahi ingekuwa juu yangu..."

Haikuwa juu yake. Nikakunja ramani yangu. Huo muda ulikuja kuwa miaka mitatu na zaidi. Nilipoupata mkopo, saruji na chuma vimepanda, chumba kimoja nikakifuta kwenye ramani, na mlango wa upande wa mitende ukawa dirisha. Lakini hayo ya baadaye. Siku ile nilitoka benki nikakaa kwenye gari, nikapiga kelele vioo vimefungwa. Mtu mzima, mwalimu. Bado nilikuwa sijamlaumu mtu. Nilisema bahati, nilisema wazee.

Mkataba wa Nizwa ukafika mwisho, wakati wa kuandika cheki za mwaka wa tatu. Safari hii nilikuwa na langu. Benki zilikuwa zimeanza jambo jipya: unaweka saini mara moja tu, na kila mwezi mshahara ukiingia benki yenyewe inakata kodi inampelekea mwenye nyumba. Hakuna karatasi, hakuna tarehe ishirini na tano, hakuna "dada, umeanza". Nikampigia mdogo wangu nikamwambia, cheki basi, wakate kwenye mshahara wako. Akaanza kigugumizi. Kampuni yake haijakubali. Benki yake haina mambo hayo. Kitabu cha cheki mpaka leo hawajampa. Kisha mama akachukua simu: "Umezoea wewe kuandika, andika tu. Ule mwaka jana ulikuwa mkosi, utarudi kila mwaka?"

Nikaenda Nizwa tukalimalize uso kwa uso. Mwenye nyumba alikuwa aje baada ya Alasiri. Mdogo wangu alikuwa bado kazini. Nikamwomba mkewe nione ule mkataba wa zamani, nitazame umeandikwaje. Maskini, hakujua lolote. Akaniletea mkoba wote wa makaratasi, akauweka mapajani pangu, akaenda kumtazama mtoto.

Ndani kulikuwa na pasi za kusafiria, vyeti vya watoto, karatasi za mahari. Na chini kabisa, kitabu cha cheki. Jina la mdogo wangu. Nikakifunua. Karatasi zote zimo, hakuna hata moja iliyochanwa. Na benki ilikuwa imegonga muhuri wa siku waliyompa: kabla ya ile Alkhamisi ya kwanza, kabla sijakaa kwenye zulia lile kuandika zile kumi na mbili za mwanzo.

Sikupiga kelele.  Nikakaa nacho mkononi mpaka mdogo wangu alipoingia. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Nikakiweka mezani, katikati yetu sote.

Mdogo wangu alikitazama kitabu, kisha akamtazama mama. Hakunitazama mie. Hapo nikajua kuwa mama anajua.

"Ulikuwa nacho," nikamwambia.

"Dada..."

"Nakuuliza, ulikuwa nacho au hukuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho. Lakini dada, wewe una mambo yako yamenyooka. Mie mshahara wangu unachelewa, siku nyingine..."

"Kwa hiyo ulijua siku moja itarudi."

  Nilimpeleka skuli mtoto huyu nikimshika mkono, kalamu yake ya kwanza nimenunua mie.

Mwenye nyumba akabisha hodi wakati huo huo, akaingia, akakaa, hajui kaingia katikati ya nini. Nikamwuliza mbele yao: ukikatiwa kodi moja kwa moja na benki, utakubali? Akafikiri. Akasema yeye anapenda cheki, cheki anaishika mkononi, ile ya kukata mtu akiacha kazi imekwisha. Lakini akasema kwa kuwa mama yake bado hajamsamehe habari ya polisi, atakubali chochote tutakachosema. Akatutazama. Kila mtu akanitazama mie.

Na mie niliyetoka Ibra kuja kuziua zile cheki, nikasema, "Hapana. Cheki zibaki."

Mama akashusha pumzi. "Umeona, mwanangu, ndio..."

"Zibaki," nikasema, "na ataandika yeye." Nikakisukuma kitabu kwa mdogo wangu.

Nataka niwe mkweli. Njia ya kukata mshahara ingetosha. Ingekuwa salama zaidi kwa wote, hata kwa watoto wake. Lakini sikutaka awe salama. Nilitaka na yeye mosi imkae kifuani. Nilitaka aamke saa ya Alfajiri tarehe thelathini ahesabu kichwani, achukie mlio wa simu, ajue jina lake likiwa chini ya karatasi linakuwaje. Miaka miwili nimeubeba ule woga kwa niaba yake, sasa nilikuwa namrudishia mwenyewe.

Mdogo wangu akakishika kitabu, akakiweka. "Dada, nina watoto wawili," akasema.

Na hapo ndipo mama alipolitoa. Hakulitoa kwa ukali, na hilo ndilo linaloniuma. Alilitoa kama mtu anayemfahamisha mtoto hesabu nyepesi.

"Yeye ana watoto," akasema. "Akifungwa yeye, tunaanguka wote, mke, watoto, mie mwenyewe. Wewe ukifungwa, unafungwa peke yako. Tulikaa tukalifikiri. Hatukukufanyia kwa ubaya."

Tulikaa tukalifikiri! Kumbe kulikuwa na kikao. Walikaa wawili, pengine kwenye kiti hicho hicho, pengine na chai, wakanipima, wakaona mie ndiye wa kupotea kwa gharama ndogo. Mwenye nyumba aliinamisha kichwa akatazama vidole vya miguu yake. Alikuwa akifahamu Kiswahili, yule mtu. Mama yake alimfundisha.

Nikamwambia mama, "Na mie ningefungwa kweli, ungefanyaje?"

Nilidhani atalia, au ataapa kuwa isingefika huko. Hakufanya hivyo. Alinyoosha kanga magotini, akafikiri. Alikuwa anajibu swali alivyoulizwa.

"Ningekuletea chakula," akasema. "Kila siku. Hata kwa miguu."

Nilimwamini. Namjua mama yangu. Angeamka kabla ya adhana anipikie mkate wa kumimina ninaoupenda, angeufunga kwenye kitambaa safi, angetembea juani mpaka lango la jela na magoti yake yale mabovu, asikose hata siku moja mpaka nitoke. Na jioni angerudi kulala kwenye nyumba ile ile iliyonifunga.

Nikachomoa kalamu kwenye mkoba wangu nikaifunua, nikampa mdogo wangu. Cheki ya kwanza aliikosea tarehe, tukaichana. Ya pili aliiandika sawa. Nikakaa pale pale mpaka akafika ya kumi na mbili. Kisha nikainuka, nikainama kumbusu mama mkono kwa kwaheri kama kawaida yetu. Akautia mkono ndani ya kanga.